Kumtembeza Shangazi Kilosa

Ngeee. Ngeee. Halafu ngee-ngee-ngee za haraka haraka.

Kilikuwa ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya nje ya ofisi ya stesheni. Treni ikishaondoka stesheni ya jirani kuja kwetu, mtu wa zamu alitoka na nondo yake akakipiga, na mji mzima ukajua. Wauza ndizi walijitwisha masinia, wapagazi walivaa viatu, mama aliinua birika. Mpaka leo mtu akigonga chuma kwa chuma, hata kama ni fundi tu wa geti, shingo yangu inageuka kutazama upande wa reli. Nimeshindwa kuiachisha.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya stesheni ya Kilosa. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, mashamba makubwa ya mkonge yameshataifishwa, watu wa milimani wanahamishiwa vijijini kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea, basi nikawa nasaidia mama kuuza chai na vitumbua pale stesheni, huku kichwani nina kazi yangu nyingine kabisa. Nilitaka kuwa mtembeza wageni. Wageni waliokuwa wakishuka kwenye treni na mikoba ya mgongoni walikuwa na swali moja tu: Mikumi wapi? Walitaka tembo. Tukawaonyesha njia, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza Kilosa kuna nini, na walikuwa wamesimama juu yake.

Mimi nilikuwa najua kuna nini. Nilikuwa na orodha kichwani, nikawa naipanga na kuipangua wakati wa kuosha vikombe.

Mgeni wa kwanza kumtembeza nilimpata kwa njia ya posa ya dada yangu.

Dada alikuwa amependana na kijana wa gengi la watengeneza reli, mtu wa Tabora, mpole, mwenye mikono kama koleo. Wazazi wake walikuwa wameshafariki, amelelewa na shangazi yake. Shangazi huyo akasema hawezi kupeleka neno lolote kwa watu asiowaona, atakuja mwenyewe kuona nyumba. Akaja. Alishuka kwenye behewa la daraja la tatu na mwavuli mweusi, kapu la ukili na blanketi jipya lililofungwa kwa kamba, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Ndiyo hapa?"

"Shikamoo shangazi," nikamwambia.

"Marahaba. Ndiyo hapa, au kuna pengine?"

Jioni ile, baada ya kula, alifanya kosa ambalo mtu wa kwao yeyote angelifanya. Alikunja miguu vizuri kwenye mkeka, akakohoa kidogo, akalisukuma lile blanketi mbele ya baba na kuanza maneno yake ya posa. Alikuwa ameyaandaa, yalikuwa yanatoka kwa mpangilio. Baba akawa anajisogeza nyuma. Shangazi akasogeza blanketi mbele tena. Baba akagota ukutani.

"Shangazi," baba akasema, "samahani. Mimi ni baba tu."

"Baba tu?"

"Mwenye neno ni shemeji yangu, kaka yake mama yao. Yuko Masanze shambani. Tutamtumia ujumbe aje."

Kwetu ndivyo ilivyo. Watoto ni wa ukoo wa mama, na anayepokea posa ni mjomba. Baba naye alikuja kuishi kwenye kiwanja cha watu wa mama, kama baba yake alivyofanya kabla yake, na sikuwahi kumsikia akilalamika isipokuwa juu ya paa kuvuja. Lakini shangazi alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Kwa hiyo mwanangu akioa hapa," akasema taratibu, "atahamia hapa. Na watoto watakuwa wa kwenu. Na yeye atakuwa baba tu."

Blanketi lilibaki katikati ya mkeka, halina mwenyewe. Dada alikuwa nyuma ya pazia la mlango ameshika taa, anasikiliza.

Shangazi akasema atalala, na kesho atapanda treni ya kurudi.

Basi usiku ule mvua ikanyesha kama imetumwa. Mto Mkondoa ulifurika, na asubuhi habari zikaja kwamba reli imekatika huko juu, upande wa Kidete. Maji yamechukua tuta, reli zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Treni za kwenda Morogoro zilikuwa zinatembea, za kwenda bara hakuna. Magengi yote yameitwa kwenda kutengeneza, na mchumba wa dada yumo.

Nadhani dada alikuwa msichana pekee Kilosa nzima aliyekuwa anaomba reli isipone haraka. Na huko juu mchumba wake amezama matopeni mpaka kiunoni, anajitahidi ipone upesi.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza, kama ilivyo kawaida, mgeni wetu ni nani, ametoka wapi na atakaa mpaka lini.

"Kaulize mto," shangazi akamjibu.

Mama akaniita jikoni. "Mtembeze mgeni," akasema. "Akikaa hapa anamtazama baba yako tu, na baba yako chakula hakipiti."

Sikumwambia mama kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa kazi hiyo tangu darasa la tano. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: shangazi akiona mji ulivyo mzuri, atakubali mwanawe akae hapa. Nilivaa gauni la sikukuu.

Nilianza na boma la Wajerumani, na kuta zake nene ambazo ndani yake hata mwezi wa jua kali kuna ubaridi. Nikamweka mahali ambapo unaona bonde lote, mabati ya mjini, mashamba, na milima ya Usagara nyuma yake imejifunika ukungu. Mimi pale huwa napumua kwa nguvu bila kukusudia.

"Boma hata Tabora liko," shangazi akasema. "Kubwa kuliko hili."

Tukashuka kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi, yenye baraza na nguzo za mbao, ambako fundi cherehani mmoja alikuwa anashona huku kasuku wake akimhimiza. Kasuku yule alikuwa anasema, "Kata! Kata!" kwa sauti ya mwenye duka. Niliona kona ya mdomo wa shangazi inataka kucheka, akairudisha. Kwenye duka la ushirika watu walikuwa kwenye foleni ya sukari. Akauliza sukari inatoka wapi huku kwetu. Nikamwambia miwa iko hapo hapo wilayani, kule Ruhembe, bonde zima ni miwa tu.

"Miwa iko mlangoni na mnapanga foleni ya sukari?"

"Inakwenda kwanza Dar es Salaam, shangazi, halafu inarudi."

"Basi imesafiri kuliko mimi," akasema.

Nikampeleka darajani kuuona mto. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba migomba mizima na mlango wa nyumba ya mtu. Nilikuwa nimeuweka mto mwisho kwa sababu ndiyo fahari yangu. Shangazi alisimama akaunyooshea mwavuli. "Wewe," akauambia, "ndiwe uliyenifunga hapa. Huna hata haya." Kisha akanigeukia. "Binti, miguu inaniuma. Umenionyesha nyumba ya Mjerumani, duka la Mhindi na maji machafu. Mwanangu atakula nini katika hivyo?"

Nilibeba kapu lake tukarudi, na gauni langu la sikukuu limetapakaa tope mpaka magotini.

Siku iliyofuata mama alitutuma sokoni kununua mchicha. Nilikuwa nimeacha kuonyesha kitu chochote. Tulikuwa tunapita kwenye mafungu ya mihogo, shangazi akauliza bei, na yule bibi muuzaji akainua kichwa aliposikia lafudhi.

"Wewe ni wa wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Yule bibi akainuka, tena kwa wepesi, akampokonya shangazi mwavuli, akaukalia. "Ushuru!" akapiga kelele, soko zima ligeuke. "Babu zenu walipita hapa na meno ya tembo, wakala mihogo yetu, wakajifanya watarudi kulipa! Leo nimemkamata mmoja. Tena huyu, nasikia, amekuja kutuibia binti!"

Nilitamani ardhi inimeze. Najua utani, nani asiyejua, sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara. Lakini kuna siku za utani, na mgeni ambaye amekaa na kisirani tangu alipoingia si mtu wa kuchokozwa juu ya posa. Nikaanza kusema, "Bibi, tafadhali..."

Shangazi akanisogeza pembeni kwa kiwiko.

"Mihogo gani?" akasema. "Ile michungu? Babu yangu alitapika kutoka hapa mpaka Mpwapwa! Nilipe ushuru wa matapishi? Nyie ndio mnatudai, na meno ya tembo yetu mliyaiba usiku mkatengenezea vijiko!"

"Vijiko tulivyowalishia nyie, mlipoanguka na homa!"

"Homa ya mbu zenu!"

Soko likacheka. Nilimtazama shangazi kama namwona kwa mara ya kwanza. Uso umefunguka, mkono kiunoni, ameshakaa juu ya gunia la yule bibi bila kukaribishwa. Walitukanana mpaka mchicha ukanyauka. Bibi yule alikuwa mtu wa Kimamba, anakuja na mihogo yake kwa treni siku za soko. Katikati ya matusi akasema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, "Nyie Wanyamwezi ni wavivu hata mkifa. Wenzako wamelala pale kwetu Kimamba, kufagia hawajui, nawafagilia mimi."

Shangazi akaacha kucheka.

"Wenzangu gani?"

"Waliokuja kukata mkonge. Manamba."

"Wako wapi?"

"Nimekwambia, Kimamba. Nyuma ya kambi ya zamani."

Shangazi akainuka kwenye gunia. Kisha akaniambia, si kwa kunisihi, "Kesho utanipeleka huko."

Kimamba nilikuwa nimekwenda mara nyingi, na kwenye orodha yangu ilikuwemo. Nilikuwa nimeweka vile vitoroli vinavyokimbia kwenye vijireli vidogo katikati ya mkonge, na nyuzi zinavyoanikwa juani, uwanja mzima mweupe kama nywele za majitu. Makaburi ya manamba sikuwa nimeyaweka. Sikujua hata kama yapo. Nilikuwa nimepita karibu yake nikitazama vitoroli.

Tulipanda treni ya asubuhi. Njiani shangazi aliniambia kile ambacho nyumbani hakuwa amekisema. Kwao, alisema, kila nyumba ina mtu aliyekwenda huku kukata mkonge wakati wa Mwingereza. Wengine walirudi na baiskeli. Wengine hawakurudi na hakuna aliyeleta habari. Alipokuwa msichana wanawake walikuwa na namna ya kumsema mtu wa hivyo: amekwenda kumezwa.

"Sasa mwanangu anakuja kuniambia anataka kuoa huku huku," akasema. "Kwa watu ambao hata mtoto wako si wako. Akifa, nani atajua kama kulikuwa na mtu?"

Niliangalia dirishani. Kumbe siku nzima nilikuwa namwonyesha milima.

Bibi wa mihogo alitungoja stesheni na mafagio ya chelewa kwapani. Tulipita nyuma ya kambi, vyumba vya mstari mmoja vilivyoanza kubomoka, tukaingia kwenye njia kati ya mikonge. Mahali penyewe hapakuwa na jengo wala msalaba wala jiwe lililochongwa. Ni vituta vya udongo, vingi, na juu ya kila kimoja kitu: bakuli la bati lililotoboka, chupa iliyopinduliwa, kisu cha kukatia mkonge kilicholiwa na kutu. Lakini chini palikuwa pasafi. Hakuna jani. Ardhi ilikuwa na mistari ya fagio, ile ya nusu duara, kama uwanja wa nyumba ambamo mama ameamka mapema.

"Mama yangu alikuwa akifagia," bibi akasema. "Walipokuwa wanakufa kambini hawana ndugu, nani angewazika? Maiti ya mtu asiye na ndugu ni ya watani wake. Wazee wetu wakaja, wakachimba, wakawatukana kidogo kama inavyotakiwa, wakawafukia. Sasa ukishamzika mtu utamwachaje kwenye magugu? Atakusema huko aliko."

"Majina unayajua?"

"Majina sijui. Huyu alikuwa na kifua, mama alisema alikohoa mwaka mzima. Huyu alipiga zeze. Yule pale wa mwisho alikuwa mdokozi wa karanga zetu, tena kimemkuta anachostahili, mchwa wanamdokoa yeye."

Shangazi alivua viatu. Aliviweka pamoja pembeni ya njia, akachukua fagio moja mkononi mwa bibi, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Sikujua nifanye nini, nikachukua la pili. Tulifagia hivyo, yeye mbele. Alipofika kwa mpiga zeze akasimama, akashika kiuno.

"Mvivu wee," akasema. "Umelala. Mahindi nyumbani amelima nani? Mama yako alikaa mlangoni mpaka akapofuka macho, na wewe huku unapigia zeze Wasagara!"

Sauti ilikuwa ya utani, ile ile ya sokoni, ila machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Bibi wa mihogo akajibu kwa niaba ya marehemu, "Ningerudije na mlikuwa mnanidai?" Wakacheka wote wawili. Mimi nililia bila kucheka, ndivyo nilivyo, hata kuku akichinjwa natoka nje.

Hakutafuta kaburi la mtu wa kwao. Hakuuliza lolote. Wakati wa kuondoka akafungua kapu akatoa karanga alizonunua stesheni, akamwaga konzi moja kwa yule mdokozi.

"Tulidhani mliwatupa," akamwambia bibi.

"Tungewatupa wapi? Mnavyonuka."

Mjomba aliingia kutoka Masanze keshokutwa yake, na jembe begani na viatu vimening'inia kwenye mpini. Alioga, akala, ndipo tukaketi. Safari hii shangazi hakukosea. Alilisukuma blanketi mbele ya mjomba moja kwa moja. Lakini maneno yake yale ya mpangilio hakuyasema. Aliuliza swali.

"Mwanangu akifia hapa, nani atamzika?"

Mama akashtuka. Si neno la kusema kwenye posa. Mjomba akafikiri, si mtu wa haraka.

"Watani zake watamchimbia," akasema. "Mimi nitasimama hapo. Huyu," akamwonyesha baba kwa kidole, "atamlilia kuliko wote, kwa sababu atakuwa amepoteza mwenzake wa kulalamikia paa."

Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike. Shangazi akamtazama, na nadhani siku ile aliacha kumwona mgonjwa.

"Basi nina sharti," akasema. "Binti aje kwetu kwanza. Msimu mzima wa kilimo. Apande, apalilie, avune, tumjue na atujue, nyumba zote zimwone. Halafu warudi huku wakae watakavyo. Nami nikifa, watoto wao waje kunizika. Kwa ukoo wawe wa kwenu, lakini njia ya kuja kwetu waijue."

Mjomba akakunja blanketi, akaliweka mapajani. Hilo ndilo jibu, kwetu hakuna jingine. Mama akapiga kigelegele, na nyuma ya pazia kitu kilianguka. Ilikuwa taa.

Katika furaha ile mimi sikuhesabu kitu kimoja. Nilikuwa nimefanya kazi yote hiyo ili dada aolewe abaki. Nilicheza, nikasonga ugali wa sherehe, nikamsimulia kila mtu juu ya kasuku. Nilielewa siku reli ilipopona.

Treni ya bara ilikuja asubuhi, imejaa watu waliokwama Morogoro na Dar es Salaam. Shangazi alikuwa na mwavuli wake, bibi wa mihogo aliurudisha kwa matusi. Dada alikuwa na sanduku la bati na kanga mpya, mchumba wake bado yuko na gengi huko juu. Alikuwa anacheka, ananiambia nisiguse vitana vyake, halafu akavitoa kwenye sanduku akanipa. Shangazi akanishika shavu.

"Mtembeza wageni," akasema. "Mji wenu si mbaya. Anza na Kimamba."

"Nimesikia, shangazi."

"Na ukija Tabora nitakuonyesha boma."

Walipanda. Mama alikuwa anamwaga chai kwa abiria dirishani huku analia, senti zinaanguka, hajali. Treni ikavuta, ikazunguka kona ya mto, ikapotea.

Nilirudi nyumbani peke yangu kuchukua vikombe vingine. Chumbani, kitanda chetu cha kamba kilikuwa kimelegea katikati, kamba zimebonyea kwa kulala mimi na dada miaka yote ile. Kukikaza ni kazi ya watu wawili, mmoja anavuta, mwingine anashikilia. Nikatoa mkeka, nikakiinua kwa ubavu. Nikaweka mguu kwenye mti wa kitanda, nikazungusha kamba kwenye ngumi, nikavuta, nikaibana kwa goti, nikavuta ya pili. Ilinichukua muda na viganja viliungua. Nilipofunga fundo la mwisho kitanda kilikuwa kimenyooka kabisa. Nikatandika mkeka.